Stashahada ya uuguzi, miaka sita kazini: Uingereza, Ujerumani, Marekani au Ghuba?

Zamu ya Usiku

Habari za humu, wakuu. Mimi ni ofisa muuguzi msaidizi, stashahada (NTA Level 6), leseni ya Baraza la wauguzi na wakunga iko hai. Nina miaka sita kazini, minne kati ya hiyo wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya. IELTS Academic, ule mtihani wa Kiingereza, nimefanya mwezi uliopita: kusikiliza 7.5, kusoma 7.0, kuongea 7.0, kuandika 6.0. Nina mume, watoto wawili, na akiba ambayo nikiichezea haitarudi.

Kila ninayemuuliza ananiambia nchi bora ni ile aliyoko shemeji yake. Naomba tulinganishe kwa mambo matatu: stashahada yangu itahesabika bila kurudi darasani? Nitatoa kiasi gani kabla ya mshahara wa kwanza? Na itachukua muda gani? Au nitulie nimalize shahada kwanza? Tafadhali tusianze na "wanawahitaji sana manesi", hiyo nimeshaisikia.

Bi Mkasi

Hongera mdogo wangu, wengi huja hapa hata IELTS hawajaisikia. Niko Uingereza mwaka wa nne, nilikuja na stashahada kama yako.

NMC, ndiyo Baraza la huku, haikuulizi shahada. Inauliza kama mafunzo yako ndiyo yaliyokupa usajili wa muuguzi kamili kwenu, na kama Baraza la kwenu linakutambua. Mwenye astashahada anakwama hapo, wewe hukwami.

Kiingereza: wanataka 7.0 kusikiliza, kusoma na kuongea, kuandika 6.5. Umebakiza nusu alama, na usilie. Wanaruhusu kuunganisha matokeo ya vikao viwili ndani ya miezi 12. Kwenye vikao hivyo kuandika kusishuke chini ya 6.0, na mengine matatu yasishuke chini ya 6.5. Kwa hiyo cheti ulichonacho ni mali. Rudia, lenga kuandika tu. Au jaribu OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, ambako kuandika ni barua ya rufaa ya mgonjwa, kitu ambacho mkono wako unakijua tayari.

Ada zangu zilikuwa hivi: maombi paundi 140, mtihani wa kompyuta 83, mtihani wa vitendo yaani OSCE 794, kusajiliwa 153. Jumla 1,170, bila IELTS, viza wala nauli. Mwajiri wangu alirudisha sehemu kubwa, ila sehemu nyingine za mwanzo unatoa mwenyewe.

Sasa jambo ambalo watu huligundua wameshalipa. Kwetu unasomea uuguzi na ukunga pamoja, cheti kimoja. Huku ni vitu viwili, daftari la usajili lina sehemu ya wauguzi na sehemu ya wakunga, na kila moja ina mtihani wake. Hata uuguzi wenyewe umegawanywa: watu wazima, watoto, afya ya akili, wenye ulemavu wa kujifunza. Mimi nilikuwa nazalisha usiku kucha kwa mwanga wa simu. Nikachagua watu wazima kwa sababu ndiko kulikokuwa na kazi, na tangu nimefika sijagusa tumbo la mjamzito hata mmoja. Nahudumia wazee waliopooza, vidonda vya mgandamizo, mashine za oksijeni. Ukiupenda ukunga kwa moyo, litafakari hili kabla ya pesa.

OSCE ina vituo kumi. Vinne vinamfuata mgonjwa mmoja: kumchunguza, kupanga, kutekeleza, kutathmini. Vingine ni ujuzi wa mikono na vya kuandika. Nilianguka kituo cha kutoa dawa. Dawa nilitoa sahihi, dozi sahihi, ila sikumuuliza mgonjwa kama ana mzio. Kwetu faili liko mbele yako, unaliangalia unaendelea. Huku usiposema kwa mdomo, hujafanya. Kurudia vituo ulivyoanguka, kama havizidi saba, ni nusu ya ada: paundi 397.

Mzee wa Faili

Bi Mkasi kasema kweli, naongeza moja ambalo Mtanzania lazima alijue. Tanzania iko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, inayofuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya. Kenya iko daraja la kati, kwa sababu serikali mbili zilitia saini makubaliano mwaka 2021. Maana yake, mwajiri au wakala wa Uingereza haruhusiwi kuja Dar es Salaam kutafuta manesi. Wewe binafsi unaruhusiwa kuona tangazo la kazi na kuomba mwenyewe. Basi wakala akikuambia ana "nafasi 20 za Watanzania Uingereza", ama hajui kazi yake ama anaijua vizuri mno.

Na wale wa "nenda kwanza kama mhudumu wa wazee, usajili utaufuatia huko huko": mlango huo ulifungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025.

Mgeni wa Hessen

Salaam. Ujerumani hapa. Kwa pesa ni nafuu, kwa muda ni mateso, na mateso yenyewe yanaitwa lugha.

Ili upewe ruhusa kamili ya kuitwa muuguzi unatakiwa Kijerumani cha B2, ngazi ya nne kati ya sita. Kutoka sifuri hadi hapo, ukisoma kwa bidii taasisi ya Kijerumani ya Goethe, ya Dar au Nairobi, hesabu mwaka na zaidi, na usidanganywe na wanaotangaza miezi sita. Vyeti vyako havipimwi na serikali kuu bali na mamlaka ya jimbo unalokwenda, na kila jimbo lina tabia zake. Unatafsiri kila karatasi kwa mtafsiri aliyeapishwa, unapeleka, kisha unapata barua inayoitwa Defizitbescheid. Ni orodha ya mapungufu yako: saa za huduma za wazee hazitoshi, saa za kitu fulani hazionekani. Usiichukulie kama matusi, karibu kila mtu anaipata. Unachagua: ufanye mtihani, Kenntnisprüfung, au ukae kwenye mafunzo ya kujazia hospitalini. Wakati huo unafanya kazi kama msaidizi, kwa mshahara wa msaidizi.

Tangu tarehe 1 Machi 2024 kuna njia ya kuja ukiwa na A2 tu, ngazi ya pili ya lugha, ukaanza utambuzi wa vyeti ukiwa hapa, mradi mwajiri amekubali kukubeba. Ni halali kabisa. Ila waajiri wengi wa hospitali wakiona A2 wanakutakia siku njema.

Stashahada inakubalika. Ukunga, kama alivyosema dada wa Uingereza, ni taaluma nyingine kabisa huku.

Kijana wa Mbagala

Mgeni, mbona hujataja Ausbildung, mafunzo ya kazi ya kulipwa? Mdogo wangu ameingia hivyo, analipwa tangu mwezi wa kwanza, miaka mitatu anatoka na cheti cha Kijerumani ambacho hakuna wa kukihoji.

Mgeni wa Hessen

Sikuitaja kwa sababu aliyeuliza ni muuguzi mwenye leseni na miaka sita. Ausbildung ni kuanza upya darasani na vijana waliotoka shule jana. Kwa mdogo wako aliyemaliza kidato cha sita ni njia nzuri sana. Kwa huyu dada ni kuizika stashahada yake akiwa hai. Mawakala wanaipenda kwa sababu haina usumbufu wa kuhakiki vyeti. Usumbufu wao, miaka mitatu yako.

Kijana wa Mbagala

Miaka mitatu ya kulipwa si sawa na miaka mitatu ya kusubiri barua. Najua mtu wa kutambuliwa vyeti ambaye mwaka wa pili huu bado ni msaidizi, anafuta sakafu ya wodi. Kila mtu na hesabu zake.

Mgeni wa Hessen

Hapo sikubishii.

Nyota ya Eldoret

Wenzangu, niko Texas, mimi ni wa KRCHN, hiyo ni stashahada yetu ya Kenya. Marekani mtihani si adui mkubwa. NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya muuguzi, ni dola 200, kompyuta inakupima kadiri unavyojibu: maswali si chini ya 85, si zaidi ya 150, saa tano. Ukikaa chini miezi minne na maswali ya mazoezi, unafaulu.

Adui wa kwanza ni saa zako za masomo. Bodi ya jimbo inataka kuona nadharia na vitendo kwa kila fani: magonjwa ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili. Haitoshi chuo kuandika "amefaulu". Wenzangu wawili walikwama kwa sababu transkripti haikuonyesha saa za vitendo za afya ya akili peke yake, zilikuwa zimefungwa ndani ya "afya ya jamii". Walisoma, walikwenda wodini, lakini karatasi haikusema.

Adui wa pili ni foleni. Muuguzi anaingia kwa viza ya ukaazi ya kundi la EB-3, na mwajiri wako haombwi kuthibitisha kwamba hakuna Mmarekani wa kuifanya kazi hiyo, kwa sababu uuguzi uko kwenye orodha ya taaluma zenye uhaba. Raha. Kisha unasubiri tarehe yako ifikiwe kwenye taarifa ya viza inayotoka kila mwezi, na tarehe hizo mara zinasogea, mara zinarudi nyuma. Mimi nilifaulu mtihani 2021, nikapanda ndege 2024. Katikati hapo nilizaa, nikahama kaunti, nikazika babu. Juu yake unahitaji cheti cha VisaScreen, kinachohakiki elimu, leseni na Kiingereza chako, na wanataka hadi ushahidi wa shule ya sekondari.

Faida: ukitua, umetua na mume na watoto, wote na ukaazi wa kudumu. Hakuna nchi nyingine hapa inayokupa hilo siku ya kwanza.

Pwani Muscat

Assalaam alaykum. Ghuba ndiko haraka, wala msibishane. Vyeti vinahakikiwa na kampuni ya DataFlow, wanaandika moja kwa moja chuoni na kwenye Baraza, kisha mtihani wa kompyuta, basi. Wengi wanataka uzoefu wa miaka miwili usio na pengo, kwa hiyo usiache kazi ukidhani utapata muda wa kusoma. Pengo hilo litakufuata.

Lakini wewe wa stashahada fungua macho. Saudia wanakuweka daraja la fundi wa uuguzi, na mwenye shahada anaitwa mtaalamu. Mnasimama kitanda kimoja, mshahara mbali. Oman hapa nafasi za wageni zinapungua mwaka hadi mwaka maana wauguzi wazalendo wamesomeshwa wengi, na hilo ni haki yao. Kodi ya mshahara hulipi, nyumba mara nyingi unapewa. Ila uraia usahau, na mkataba ukiisha unafunga begi.

Mkweli Daima

Nyie mnahesabu paundi huku kina mama wanajifungulia sakafuni. Aibu.

Zamu ya Usiku

Mkweli, mimi ndiye niliyekuwa nawapokea hao kina mama, wawili kitanda kimoja. Pia nina wanafunzi wenzangu watatu wenye leseni ambao hawajaajiriwa hadi leo. Wakipewa nafasi yangu kesho, wodi haitapungukiwa. Tuendelee.

Mzee wa Faili, kuhusu shahada?

Mzee wa Faili

Shahada ina maana ukiitazama Australia, kwa sababu huko muuguzi kamili ni shahada. Stashahada yako ukiomba kutoka Tanzania itasimamishwa mlangoni. Lakini tangu Aprili 2025 wamefungua njia fupi kwa muuguzi aliyesajiliwa Uingereza, Ireland na nchi nyingine chache na akafanya kazi huko saa 1,800. Kwa hiyo hata Australia inaweza kupitia Uingereza. Ghuba shahada inakuongezea mshahara na cheo. Uingereza na Ujerumani haikufungulii mlango ambao hauko wazi tayari. Ningekuwa wewe, kwa umri na watoto, nisingesubiri shahada.

Chaguo langu kwako: Uingereza kwanza, kwa sababu umebakiza nusu alama. Nchi nyingine zote unaanzia sifuri. Kazi za huko zimebana kuliko miaka miwili mitatu iliyopita, usitegemee kujibiwa maombi matano, andaa hamsini.

Ila kabla ya kurudia IELTS nenda chuoni. Nasema hivi kwa uchungu: chuo nilichosoma kilikaa na fomu yangu ya uhakiki miezi saba. Haikukataliwa. Ilikuwa kwenye droo, aliyekuwa na ufunguo alikuwa likizo ya uzazi, kisha masomoni. IELTS yangu ikaisha muda, ni miaka miwili tu ile, nikalipa upya. Omba transkripti yenye saa za nadharia na za vitendo kwa kila somo, ugongewe muhuri, uchukue na namba ya anayejibu barua pepe ya chuo. Karatasi hiyo moja utaitumia Uingereza, Ujerumani na Marekani. Barua ya Baraza ya kuthibitisha usajili na mwenendo iache mwisho, hiyo huwa wanataka mpya.

Bi Mkasi

Barua pepe ya chuo iwe ya chuo kweli. Wa kwangu walijibu kwa anwani binafsi ya mwalimu, ikakataliwa.

Zamu ya Usiku

Asanteni sana, nimeandika yote. Jumatatu niko off, naenda chuoni. Swali moja: cheti cha kidato cha nne na cha chuo vina jina la baba, leseni na pasipoti vina jina la mume. Kiapo cha mahakamani kinatosha?

Mzee wa Faili

Beba kiapo na cheti cha ndoa, vyote viwili, maana cheti cha ndoa ndicho kinachoonyesha jina la kwanza limekuwaje la pili. Na mwambie wa chuoni aandike majina yote mawili kwenye fomu kabla hajagonga muhuri, si baada.