Mweka hazina wa chama akiaga dunia: simu, M-PESA, Gmail na WhatsApp yake zinashughulikiwaje?

Katibu_Kayole

Wadau, hamjambo. Naandaa mwongozo wa ukurasa mmoja wa chama chetu cha michango, ambao familia itaufuata mwanachama akifariki. Sehemu ya cheti cha kifo, SACCO na benki imekamilika. Inayonishinda ni ya vitu vilivyomo ndani ya simu.

Chukueni mfano wa kawaida. Mweka hazina anaishi Nairobi, ana Android yenye PIN ambayo huenda mkewe anaijua, laini moja ya Safaricom yenye M-PESA (humo mna pesa zake na michango ya chama pamoja), Gmail iliyobeba picha zote za familia, Facebook anayosimamia ukurasa wa biashara, na ndiye admini pekee wa grupu la WhatsApp. Hakuacha wosia.

Nini kifanywe kwanza, nini kisiguswe, na je, mke akifungua kwa PIN anayoijua amevunja sheria? Tafadhali msiniambie nitafute mtaalamu. Nataka hatua.

Fundi_Luthuli

Simu isizimwe, isiwashwe upya, na isipelekwe kwa fundi. Mengine yatafuata.

Android za miaka ya karibuni hufunga data zote kwa usimbaji (huzigeuza zisisomeke), na ufunguo wake umefungamana na PIN. Simu ambayo imewaka na ilishafunguliwa angalau mara moja tangu iwashwe bado inaonyesha majina ya wanaopiga, inapokea ujumbe vizuri, na WhatsApp iliyounganishwa kwenye kompyuta inaendelea kufanya kazi. Chaji ikiisha ikazimika, ukiiwasha inadai PIN na haikubali kitu kingine chochote. Kama laini nayo imewekewa PIN ya SIM, ukikosea mara 3 itadai PUK (nambari ya kufungulia kadi) ya tarakimu 8, na PUK ikikosewa mara 10 kadi hiyo imekufa. Basi iwekwe kwenye chaja, bando liwepo, na mtu mmoja tu apewe kazi ya kuitunza.

Fundi wa tao akikwambia "naiflash inafunguka", hakudanganyi. Itafunguka, lakini tupu. Kuflash (kuweka upya programu ya simu) kunafuta ufunguo wa usimbaji, kwa hiyo picha zilizokuwa ndani haziwezi kusomeka tena, hata na yeye. Halafu ikimaliza kuwaka inadai nywila ya akaunti ileile ya Google ya marehemu, na hata simu yenyewe inabaki haina kazi. Kubahatisha PIN nako kuna gharama: kila kosa linaongeza muda wa kusubiri, na kwenye iPhone kama mwenyewe aliweka mpangilio wa kujifuta, kosa la 10 linasafisha kila kitu.

Sasa saa zinazokimbia. WhatsApp ya kompyuta hujitoa yenyewe simu kuu isipotumika kwa zaidi ya siku 14. Akaunti nzima ya WhatsApp hufutwa ikikaa takriban siku 120 bila kuunganishwa. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hurudishwa sokoni, na mteja mpya anaweza kuanza kupokea nambari za uthibitisho za marehemu. Google nayo, tangu Desemba 2023, hufuta akaunti binafsi zilizokaa miaka 2 bila kuguswa, pamoja na picha zake.

Kama PIN ipo na familia inataka mazungumzo ya WhatsApp, fungua gumzo husika, kisha uchague kuhamisha gumzo kwa barua pepe. Kikomo ni ujumbe 10,000 pamoja na picha, au 40,000 bila picha. Kwa grupu, kazi ya kwanza ni kumpandisha mwanachama mwingine awe admini. Sekunde kumi, imekwisha.

Wakili_Milimani

Fundi ameeleza vizuri upande wa mashine. Niongeze upande wa sheria, hasa hapo pa "kama PIN ipo".

Kwanza pesa, maana ndiko watu huharibu. Salio la M-PESA ni mali ya marehemu kama shamba au gari. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinakataza mtu yeyote kuchukua au kuhamisha mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Adhabu ni faini isiyozidi Sh10,000 au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili, na juu ya hapo utawajibika kwa msimamizi halali wa mirathi kwa kiasi ulichogusa. Kwa hiyo mke "kutoa tu za jeneza" kwa PIN anayoijua ni hatari, hata kama nia ni njema na familia yote imekubaliana kwenye kikao. Ndugu mmoja akigeuka baadaye, taarifa ya M-PESA inaonyesha tarehe na saa pesa zilipotoka, na cheti cha kifo kinaonyesha mwenye laini alikufa lini. Hakuna la kujitetea hapo.

Kufungua simu au Gmail ni suala la pembeni kidogo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 14, inaadhibu kuingia bila idhini kwenye mfumo wa kompyuta: faini hadi Sh5,000,000 au kifungo hadi miaka 3. Ruhusa ya mdomo aliyompa mkewe akiwa hai si hati ya kuendesha akaunti baada ya kifo. Maoni yangu: kuangalia nambari ya kampuni ya mazishi au kunakili picha za watoto ni jambo moja, kujibu barua pepe kwa jina lake au kuhamisha senti ni jingine kabisa. La pili msifanye.

Njia halali ni hii. Cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, kisha ombi la usimamizi wa mirathi mahakamani. Hapa Nairobi faili hufunguliwa Milimani, Mahakama Kuu au ya hakimu kulingana na thamani ya mali. Tangazo hutoka kwenye Gazeti Rasmi na watu hupewa siku 30 za kupinga. Hati ikitolewa, uthibitisho wa mgao husubiri miezi 6. Linganisheni na siku 120 za WhatsApp alizotaja Fundi na mtaona tatizo liko wapi: akaunti inakufa kabla mahakama haijamaliza. Ndiyo maana, jambo la haraka likiwepo, huombwa hati ya muda ya kukusanya na kuhifadhi mali tu, ile mawakili tunaiita ad colligenda bona. Haikuruhusu kugawa chochote. Inakupa uwezo wa kusimama mbele ya benki au kampuni ya simu ukaomba taarifa na kuzuia pesa zisipotee.

Michango ya chama iliyo kwenye laini binafsi ya mweka hazina ni mtego. Mbele ya sheria inaonekana ni pesa zake mpaka mthibitishe vinginevyo kwa kumbukumbu za mikutano, daftari la michango na taarifa ya M-PESA inayolingana nazo. Msipokuwa nazo, chama kinasimama kama mdai wa kawaida. Kwenye kifungu cha 66, kinachopanga nani aombe usimamizi, mwenzi aliyebaki yuko juu na wadai wako mwisho kabisa, nyuma ya Msimamizi wa Umma. Andika hilo kwa herufi kubwa kwenye mwongozo wako: pesa za chama zikae kwenye Paybill (nambari ya kupokelea malipo ya M-PESA) iliyounganishwa na akaunti ya benki yenye watia saini watatu.

Linda_Laini

Sikubaliani na Fundi kwenye kuiacha laini hewani bila mwisho. Wiki ya tanzia ndiyo wiki ya matapeli. Tangazo linasambazwa WhatsApp likiwa na majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, kazi, kijiji na jina la mke, yaani karibu kila kitu ambacho mtu anahitaji ili kujaribu kuswap laini, yaani kuihamishia nambari kwenye kadi yake. Tangazo liwe na jina, picha, siku na mahali pa mazishi, basi.

Na kwa hali yoyote ile michango ya mazishi isitumwe kwa nambari ya marehemu. Alikuwa na deni la Fuliza (mkopo wa M-PESA)? Pesa ikiingia, deni linakatwa kwanza. Na kampuni ikishaarifiwa na kuifunga akaunti, mchango wenu umekwama humo pamoja na salio, mpaka karatasi za mirathi zipatikane. Aliyetuma kwa bahati mbaya apeleke ujumbe wa muamala huo kwa nambari 456 ya Safaricom papo hapo kuomba urejeshwe.

Ushauri wangu ni laini ibaki hewani siku chache tu, kwa kazi zilizoorodheshwa, kisha mwenye karatasi aende duka la kampuni ya simu akaripoti kifo.

Fundi_Luthuli

Sawa, Linda, siku chache nakubali. Ila ujue kuripoti kifo kunafunga laini, na laini ikifungwa nambari za uthibitisho haziji tena. Kama tovuti ya biashara yake (mathalani yenye anwani ya .co.ke) inalipiwa kila mwaka kupitia akaunti inayothibitishwa kwa laini hiyo, msajili wa anwani aandikiwe kwanza, la sivyo anwani inaisha muda na mtu mwingine anaichukua.

Katibu_Kayole

Asanteni sana, hasa Wakili. Mawili yamebaki. Facebook na picha za Gmail zinapatikanaje kama PIN haijulikani kabisa? Na mwanachama aliye hai leo apange nini?

Wakili_Milimani

Picha za Gmail bila PIN: Google ina fomu ya maombi kuhusu mtumiaji aliyefariki. Unaambatisha kitambulisho chako na cheti cha kifo. Kufunga akaunti kunawezekana, nywila hawatoi kamwe, na kupata yaliyomo ni kugumu, kwa kuwa sheria ya Marekani ya 1986 inabana kampuni kutoa mawasiliano ya mteja, na mara nyingi watadai amri ya mahakama ya kwao. Hati ya Milimani pekee isikupe matumaini makubwa.

Facebook msiharakishe. Rafiki yeyote anaweza kuripoti kifo kwa kiungo cha tangazo la tanzia, na wasifu ukishageuzwa kuwa wa kumbukumbu hakuna anayeingia tena, hata mwenye nywila sahihi. Kama marehemu alikuwa msimamizi pekee wa ukurasa wa biashara, ukurasa nao hupotea.

Linda_Laini

Kwa walio hai, kazi haizidi jioni moja:

Google kuna Kidhibiti cha Akaunti Isiyotumika, ndani ya sehemu ya data na faragha. Unachagua miezi 3, 6, 12 au 18 ya ukimya, unataja hadi watu 10 na nani apate nini (mmoja picha, mwingine barua pepe). Mwezi mmoja kabla ya muda kuisha Google inakutumia SMS na barua pepe. Usipojibu, watu wako wanapata kiungo cha kupakua, na wanakuwa na miezi 3 ya kufanya hivyo. Kinachoharibika hapa ni viwili. Nambari ya uliyemtaja ikibadilika hatathibitishwa, kwa hiyo ikaguliwe kila mwaka. Na cha pili watu wengi hawakijui: simu ya Android ya marehemu ikiendelea kuwaka na kuunganishwa kwenye intaneti, Google huihesabu kama dalili kwamba mwenye akaunti yupo, na saa haianzi kuhesabu. Familia ikimaliza kazi za siku za kwanza, simu izimwe.

Wenye iPhone: tangu iOS 15.2 unaweza kutaja hadi watu 5 wa kuachiwa akaunti. Kila mmoja anapata ufunguo wenye msimbo wa QR, auchapishe auweke, maana bila huo na cheti cha kifo hafiki popote. Akikubaliwa ana miaka 3, na nywila zilizohifadhiwa hazimo.

Facebook, taja mtu wa kusimamia wasifu wako. Atabadilisha picha na kubandika tangazo, ila ujumbe wako wa faragha hatausoma. Ukurasa wa biashara na grupu la WhatsApp, weka admini wa pili leo hii.

Wakili_Milimani

Nywila zisiandikwe ndani ya wosia. Wosia ukifika mahakamani unasomwa na wengi. Orodha ya akaunti ikae kwenye bahasha tofauti, wosia uitaje tu, na utiwe saini mbele ya mashahidi wawili ambao hawarithi chochote.

Jambo la mwisho, dogo lakini linakwamisha maombi mengi: kitambulisho cha marehemu hukabidhiwa wakati wa kuchukua kibali cha mazishi. Kipigwe picha pande zote mbili kabla. Kama jina la Facebook au Gmail ni la utani, au cheti cha kifo kimeacha jina la katikati, nendeni kwa kamishna wa viapo mkaape hati inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, na muiambatishe kwenye kila ombi tangu mwanzo.