Mwenyekiti mpya wa kikundi cha wafugaji kuku Ruai: kuchanja na kununua chakula pamoja

MamaKuku_Ruai: Hamjambo wafugaji. Kikundi chetu kina wanachama 18 na kuku wa mayai 1,800 hivi kwa jumla. Nimechaguliwa mwenyekiti. Wanataka tuchanje siku moja na tununue chakula pamoja. Wengine wanapendekeza mwenyekiti azunguke boma kwa boma akichanja mwenyewe. Ni sawa?

Vet_Njiru: Hongera, mama. Hilo la kuzunguka likatae mapema, hata kama wanaliona ndiyo utumishi. Virusi vya Newcastle (mdondo, ugonjwa unaoua kuku wengi) husafiri kwa viatu, nguo, mikono na trei za mayai. Ukiingia mabanda 18 asubuhi moja, unaweza kueneza kilekile unachokwenda kuzuia. Funza mtu mmoja kila boma, nyinyi mgawe chanjo tu.

Chupa moja huwa na dozi 100, 500 au hata 1,000, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa mbili. Kwa hiyo mwenye kuku 60 hunufaika akichanja pamoja na majirani. Lakini umri lazima ulingane: nyote ingizeni vifaranga katika wiki ileile, la sivyo mtakuwa na ratiba 18.

Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8 kutoka agroveti mpaka bandani, na chupa isigusane na barafu. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini huua chanjo ya kunywa. Tieni gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subirini dakika 20, kisha chanjo. Kabla ya hapo vifaranga wakae bila maji saa moja hadi mbili. Kwa vifaranga 1,000 wa siku 14, lita 14 zinatosha. 100 ni kama lita moja na nusu. Vyombo viwe vingi. Vikiwa vichache wanyonge husukumwa, wanakosa kinga, na baadaye watu wanalaumu chanjo. Anayeumwa asichanjwe.

Mhazina_Kayole: Upande wa chakula, kuku wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku. Kuku wenu 1,800 ni kilo 216, zaidi kidogo ya gunia tatu za kilo 70. Kwa wiki ni gunia 22. Msiweke akiba ya zaidi ya wiki mbili tatu. Gunia zikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu (aflatoksini). Mzigo ukifika, fungua gunia moja: likinuka uvundo au likiwa na mabonge, rudisha mzigo wote.

Pesa zilipwe kabla ya kuagiza. Kukopeshana chakula ndiko kunakovunja vikundi vingi, na mwenyekiti ndiye hubaki akidaiwa. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa pesa. Sheria ya Kenya ya usajili wa vikundi ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, kwa hiyo jisajilini.

MamaKuku_Ruai: Asanteni sana. Na boma moja likianza kupoteza kuku?

Vet_Njiru: Afisa wa mifugo wa wadi apigiwe siku hiyohiyo. Boma hilo lisitoe kuku, mayai wala mbolea, na trei zisiazimwe tena. Mizoga ifukiwe futi nne kwenda chini, imwagiwe chokaa. Isipewe mbwa wala jirani. Kubalianeni sasa, na mwandike kwenye katiba, kwamba anayetoa taarifa hatatozwa faini. Ukitoza, watauza kuku wagonjwa usiku.