Naomba ushauri: wasifu wa baba mdogo, mwanajeshi na polisi

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunamzika baba yangu mdogo, na ukoo umenipa dakika 5 nisome wasifu wake. Nimekwama.

Alitumikia jeshi miaka 12, kisha akaingia polisi hadi alipostaafu. Orodha ya vyeo na nishani ninayo, ila mtu niliyemjua mimi hayumo humo. Namkumbuka ameketi kizingitini usiku, brashi mkononi, akipiga buti rangi mpaka taa inaonekana kwenye ncha. Namkumbuka aliporudi zamu ya usiku amelowa chapachapa. Koti lake la mvua alikuwa amemfunika mtoto aliyetolewa kwenye gari lililopinduka, akaliacha hukohuko. Yeye hakusema neno. Tulijua siku mama wa yule mtoto alipolirudisha, limefuliwa na kukunjwa vizuri.

Vita hakuvizungumzia kabisa. Lakini usingizini alikuwa akigutuka, akiita majina ya wenzake waliobaki huko. Shangazi anataka nilitaje hilo, watu wajue alibeba nini moyoni miaka yote. Mama mdogo hataki, anasema hiyo ni siri ya chumbani kwake. Mimi naelemea kwa mama mdogo, ingawa maneno ya shangazi nayo yananigusa.

Mliowahi kusoma wasifu wa askari, mngefanyaje? Na je, niombe kusoma kabla ya heshima za kijeshi? Naogopa nikishasikia tarumbeta, sauti haitatoka tena.