Cannes mwezi wa kumi na mbili: kuna nini zaidi ya zulia jekundu?

Binti wa Njiro: Wadau, habari za leo. Niko ofisi ya safari hapa Arusha, napanga ratiba za wageni. Bosi kanichagua niende naye Cannes, Ufaransa, kwenye maonyesho ya utalii wa kifahari. Nitapata siku mbili za kwangu. Huo mji nauona kwenye runinga tu, tena wakati wa tamasha la filamu. Una nini kingine? Na mtu wa mshahara kama wangu anakula wapi?

Msafiri Sakina: Hongera mdogo wangu. Nimekwenda mara tatu kwa kazi hiyohiyo. Beba sweta! Desemba ya kule ni Julai ya Ngaramtoni, ongeza upepo wa bahari.

Pale palikuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka 1834 Mwingereza mmoja, Lord Brougham, alikuwa safarini kwenda Nice, ambayo enzi hizo ilikuwa chini ya ufalme wa Sardinia. Mpaka ukafungwa kwa ajili ya kipindupindu. Akalala Cannes, akapapenda, akajenga. Matajiri wenzake wakamfuata, tena si kuogelea, ni kukimbia baridi ya kwao. Reli ikafika 1863. Mwenzetu kazuiwa mpakani ukazaliwa mji wa matajiri; mimi nikikwama Namanga naambulia mahindi ya kuchoma.

Croisette, ile barabara ya ufukweni, tembea bure, piga picha nje ya hoteli ya Carlton, kahawa yao waachie wenyewe. Siku moja nzima wape visiwa. Sainte-Marguerite ni robo saa kwa boti. Kwenye ngome yake alifungwa yule mfungwa wa siri aliyefichwa uso kwa kinyago, 1687 hadi 1698, na chumba chake unakiona. Saint-Honorat wanaishi watawa, wanalima mizabibu na kutengeneza divai. Tiketi za visiwa hivi viwili ni mbalimbali, usije ukapanda boti siyo.

Dereva Kijenge: Na hilo tamasha lina umri gani?

Msafiri Sakina: Lilipangwa Septemba 1939, vita ikaingia. La kwanza likafanyika 1946.

Binti wa Njiro: Kaka, la kula umeliruka.

Msafiri Sakina: Samahani. Asubuhi nenda soko la Forville, chini ya kilima cha Le Suquet, mji wa zamani. Mkate, jibini, matunda, unapanda navyo juu unakula ukiangalia bandari. Jumatatu usiende, siku hiyo wanauza vitu vya kale.

Binti wa Njiro: Asante sana kaka. Sweta kesho naitafuta mitumbani Kilombero.