Mteja wa intaneti ya nyumbani ana haki ya kupewa IP ya umma (anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje), au anadeka?

Mshangani (mleta mada)
Wadau, salamu. Nina kompyuta chakavu hapa Ubungo, nimeweka OpenSimulator, ile ndugu ya bure ya Second Life: unajijengea dunia yako, watu wanaingia na kutembea humo. Nimejenga Forodhani ya Unguja, jumba la Beit al-Ajaib kabla halijaporomoka, na vichochoro viwili vitatu. Lengo ni ndugu zetu walioko Maskati, Oman, waingie, tukae barazani kila Ijumaa tupige soga.

Wiki mbili sijalala vizuri. Binamu anaandika jina na nywila, anapokelewa, mstari wa kupakia unafika katikati unaganda, anatupwa nje. Kumbe kwenye Regions.ini, faili la mipangilio ya anwani, niliacha ExternalHostName = SYSTEMIP, na seva ikawa inamwambia mtu wa Maskati "njoo 192.168.1.7". Hiyo ni namba ya sebuleni kwangu! Pengine na kwake ipo hiyohiyo, kapewa printa. Nikasahihisha, nikafungua poti 9000, yaani mlango wa seva, kwenye ruta, kwa njia zote mbili za data, TCP na UDP. Holaa. Ndipo nikaangalia upande wa nje wa ruta: 100.78 nanihii, wakati zile kurasa za "IP yangu ni ipi" zinaonyesha namba nyingine kabisa. Yaani kampuni imeniweka nyuma ya NAT yake, mtaa mzima tunachangia anwani moja. Nafungua mlango wa chumba, na funguo za geti anazo mwenye nyumba.

Nikapiga simu. Dada wa watu akanijibu kwa upole kwamba IP ya umma ni ya wateja wa biashara, na bei aliyotaja inazidi bili yangu ya mwezi. Ni haki hii? Mimi nasema aliyelipia intaneti apewe intaneti nzima.

Mla Bando
Mkuu, wengine hapa tunanunua bando la siku, linaisha kabla ya adhuhuri. Wewe unalilia geti? Hongera kwa kuwa na nyumba.

Fundi Nguzo
Nafanya kazi upande wa pili wa hiyo simu, kampuni siitaji. Anwani za IPv4, hizi za mfumo wa zamani, kwa hesabu ya juu ni bilioni 4.3, dunia nzima. Ziliisha 2011. Hizo namba za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa 2012 maalumu kwa kazi hii ya kuchangia, si kwamba kuna mtu kakuonea. Tukimpa kila mteja anwani yake tutazitoa wapi, mfukoni? Tena asilimia kubwa ya wateja hawajui hata ruta ina nywila. NAT inawalinda. Mwenye shida ya kweli alipie. Hatuwezi kupindua mtandao mzima kwa sababu ya mchezo wa kujenga vibanda vya bati kwenye kompyuta.

Mshangani
Vibanda vya bati? Vibanda vya bati?? Ndugu, nguzo za chuma za lile jumba nimezichora moja moja kutoka kwenye picha za babu yangu. Milango nimechonga nakshi miezi minne, usiku baada ya kazi. Nina mzee Maskati, ana miaka themanini na ushee, aliyaacha mazingira hayo akiwa kijana, mwanawe akamwonyesha picha tu ya skrini akashika kidole pale alipokuwa akiuza halua. Wewe unaniambia bati. Na mnara wa saa nimeuweka, unaonyesha saa ya Kiswahili. Njoo uone bati.

Pipa la Data
Mshangani, amejibu hoja ya uhaba wa anwani na wewe umejibu bati. Tuliza munkari kidogo.

Fundi, 2011 ni hazina kuu ya dunia ndiyo iliyokauka. AFRINIC, wagawaji wa Afrika pale Mauritius, walikuwa bado wanazo. Walianza kubana 2017, na tangu Januari 2020 kampuni ikiomba inapewa zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Kwa hiyo uhaba ni wa kweli. Ila hilo la NAT kuwa mlinzi nakataa. Mlinzi ni ukuta wa moto (firewall), unaochuja nani aingie. NAT inaficha tu.

Bi Zuwena
Nilifundisha historia miaka thelathini, kwa hiyo mnisamehe. Mwanangu Mshangani, umesema Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, na mnara wa saa umeuweka. Ni la mwaka gani hilo ulilojenga? Mnara ulio kwenye uso wa jumba ulikuja baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Kabla ya hapo mnara ulisimama peke yake mbele, ufukweni. Na pembeni palikuwa na jumba jingine, Beit al-Hukm, ambalo mizinga ililimaliza. Ukiweka mnara usoni, Beit al-Hukm liondoe. Ukiliacha, mnara uhamishe.

Mshangani
Shikamoo Bi Zuwena. Hapo umenishika pabaya. Nimeviweka vyote viwili.

Kijana wa Nyali
Hahaha! Seva haingiliki na historia nayo haingii. Sisi huku Mombasa twajua Fort Jesus ni ya 1593, bado imesimama, na hatujaona mtu akiililia mtandaoni.

Mtoto wa Darajani
Kijana wa Nyali, ngome walijenga Wareno. Jisifuni na chenu. Beit al-Ajaib ndilo jumba la kwanza Unguja kuwaka taa ya umeme, na lifti juu.

Kijana wa Nyali
Na likaporomoka Krismasi ya 2020 na umeme wake.

Mtoto wa Darajani
Walikufa watu pale, mafundi wawili waliokuwa kazini. Pima maneno.

Kijana wa Nyali
Neno langu nimelifuta, samahani. Sikulikusudia.

Mla Bando
Uzi ulikuwa wa IP huu, sasa tuko kwenye vita vya 1896. Nipo palee kwenye kona nawasoma na kashata yangu.

Pipa la Data
Turudi. Mshangani, IPv6 je, ule mfumo mpya wa anwani? Ndiyo dawa yenyewe, kila ruta inapata anwani za kutosha mpaka za jokofu.

Mshangani
Kampuni yangu haitoi. Na programu ya kuingilia ninayotumia, ya ukoo wa Second Life, inataka IPv4. Kwa hiyo dawa ipo, mgonjwa hana mdomo.

Pipa la Data
Basi kodi seva ndogo nje, ile ya bei ya sahani mbili za pilau kwa mwezi, yenye IP yake. Kutoka nyumbani unachimba handaki mpaka kwake kwa WireGuard, programu ya kuunganisha kompyuta mbili kwa njia ya siri. Watu wanagonga kule, wanaletwa kwako. Angalizo: kuna huduma za handaki za bure zinazobeba TCP peke yake. OpenSimulator inapokea kuingia kwa TCP lakini mwendo wa mtu ndani ya dunia unakwenda kwa UDP, poti hiyohiyo 9000. Ukitumia hizo utarudi palepale, mstari unafika katikati unaganda. Na ile ExternalHostName andika IP ya seva ya nje, si ya nyumbani.

Sheria Mkononi
Handaki ni VPN, mtandao binafsi wa siri. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo Oktoba 2023, watumiaji wa VPN wajisajili, mwisho ulikuwa tarehe 30 mwezi huohuo. Msimfundishe mtu kuvunja sheria hadharani.

Pipa la Data
Kaka, tangazo lilikuwa la watu wanaojificha. Huyu anataka kuonekana! Analipa ili aonekane!

Sheria Mkononi
Tangazo lilisema VPN. Halikuuliza unajificha au unajianika. Na mimi si kaka, ni dada.

Pipa la Data
Samahani dada. Lakini benki, mashirika, hata hao wa simu wenyewe wanaunganisha ofisi zao kwa njia hiihii.

Sheria Mkononi
Nao wajisajili. Fomu ipo. Sijaona ugumu uko wapi ila ubishi.

Fundi Nguzo
Mnaona sasa? Ndiyo maana nasema lipia IP ya biashara, yaishe.

Bi Zuwena
Fundi, nikuulize kwa ujinga wangu. Hiyo IP ya biashara inatoka wapi kama zimeisha?

Fundi Nguzo
Tunazo za akiba, mama.

Bi Zuwena
Alaa. Kumbe zipo.

Mla Bando
😂😂 Mwalimu kastaafu chaki, hajastaafu fimbo.

Fundi Nguzo
Mama, akiba si za kumwaga. Na kumtenga mteja mmoja nje ya NAT ni kazi, kuna mtu anakaa anaipanga. Mnadhani ni kubonyeza kitufe.

Mtoto wa Darajani
Kwenu labda. Mimi nilimpigia fundi wa kwetu saa nne asubuhi, saa tano nilikuwa na IP yangu. Alisema ni kubonyeza kitufe.

Mshangani
Wadau, mrejesho. Nimekodi seva ndogo, handaki limeshika usiku wa jana. Dada Sheria Mkononi, nitajaza fomu, usinichome. Binamu kaingia kutoka Maskati! Kaniandikia "nipo ufukweni". Ila sasa kibao kimegeuka: yeye yuko ndani, mimi mwenye nyumba nimezuiwa nje. Nikiwa hapa sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye kompyuta yenyewe, siingii.

Pipa la Data
Huenda ni hili. Seva inakwambia na wewe uende IP ya nje. Unatoka nje kugonga ili urudi ndani, na huenda kuna mahali njiani safari ya namna hiyo inakwama. Kwenye kompyuta unayochezea weka WireGuard pia, ipite handaki kama mgeni mwingine.

Mshangani
Nimeweka. NIMEINGIA. Pipa, nakudai chai, au unanidai wewe, sijui.

Fundi Nguzo
Umeona? Bila IP ya umma ya nyumbani mambo yamekwenda.

Mshangani
Yamekwenda kwa IP ya umma niliyokodi kwa mtu mwingine, Fundi. Hela ile ungeipata wewe.

Bi Zuwena
Nami nimeingia, mjukuu kanisaidia. Niliangukia baharini mara mbili. Ni pazuri, mwanangu, nimekaa barazani. Ila mnara bado uko usoni na Beit al-Hukm bado liko pembeni.

Mshangani
Nauhamisha Jumamosi, bibi. Saa nimeiacha kwanza.

Kijana wa Nyali
Nitumie anwani na mimi. Nataka kuhesabu nguzo.