Mrejesho: Hilux ya dizeli iliyokuwa ikigoma kuwaka asubuhi

Wakuu, niliuliza humu kuhusu Hilux yangu kuukuu: haiwaki asubuhi, moshi mweupe, na aliyeniuzia aliapa injini ni 3L (jina la modeli ya injini ya Toyota, si lita). Mliosema nifute grisi nisome namba kwenye bloku mlipatia. Ni 2L. Tulipofungua hedi fundi akapima silinda: milimita 92, ya 3L ni 96. Yaani cc 2446, si 2779. Ningenunua pistoni za 3L zingenidodea.

Bloku ilichongwa, ikaingia pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za awali) na ringi mpya. Ila ugonjwa mkubwa ulikuwa pampu ya dizeli, inayosukuma mafuta kwenye nozeli. Hizi za aina ya VE hulainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili yake, kwa hiyo mafuta yaliyochakachuliwa au yenye maji huzimaliza taratibu. Plunja (pistoni ndogo ya ndani ya pampu) ilikuwa na michirizi, sili ya shafti inavuta hewa. Tukabadilisha vyote, pampu ikapimwa kwenye mashine pamoja na nozeli, kisha taiming (wakati wa pampu kupuliza dizeli) ikawekwa kwa geji ya saa, kipimo chenye mshale, si kwa sikio (fundi wa kwanza alitaka kwa sikio!).

Sasa inawaka mara moja. Bado inavuja oili kidogo kwenye kava la tapeti, nasubiri gasketi.