Katriji ya sigara ya kielektroniki ya vipande vitatu: nikijaza inavuja, nikipunguza inaungua. Nibadilishe nini ndani?

Mgeni_wa_510
Wakuu, naomba msaada. Kifaa ni sigara ya kielektroniki ya 510 (jina la aina ya hesi za kuunganishia), ya vipande vitatu: betri, atomaiza (inayopasha kimiminika kiwe mvuke), na katriji ya plastiki ambayo ndiyo kidomo pia. Ndani ya katriji mna pamba nyeupe ya polista. Nikiiloanisha yote, kimiminika kinanijia mdomoni na atomaiza inatoa mlio wa majimaji. Nikitia kidogo, baada ya mivuto michache inakuja ladha ya kuungua, na ajabu ni kwamba pamba ukiibinya bado ina unyevu. Kimiminika ni PG (propilini glikoli) 70 kwa VG (gliserini ya mimea) 30, nikotini miligramu 12 kwa mililita. Nasikia kuna wanaoweka sponji, vifuko vya chai, kipande cha mrija, na wengine wanaachana na katriji wanatoboa katomaiza (koili na pamba ndani ya bomba moja, linalovikwa tangi la kimiminika). Kipi kinaondoa tatizo lenyewe? Vipimo tafadhali.

Fundi_Utambi
Huo unyevu unaobaki kwenye pamba ndio unaoeleza kila kitu. Nyuzi za polista hazinywi kimiminika, hukishika katikati yao. Zikibanana, hukishika kwa nguvu zaidi. Upande wa pili kuna daraja, ule wavu wa chuma uliopinda ndani ya atomaiza, ambao huvuta kimiminika kwa kugusana na pamba tu. Na kila tone linalotoka lazima nafasi yake ijazwe na hewa. Hewa ikikosa pa kuingilia, kimiminika hakitoki hata kiwe kingi kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote angalia mambo mawili: pamba inagusa daraja? Hewa inaingia wapi?

Fanya hivi. Toa pamba kwa kibano, ioshe kwa maji ya moto, ikauke kabisa. Ondoa theluthi yake, iliyobaki ifumue kwa vidole hadi iwe laini pande zote. Irudishe bila kuishindilia, na upande wa atomaiza iache itokeze kama milimita 1 kupita ukingo. Ikizama chini ya ukingo, daraja halitaigusa vizuri na hapo ndipo ladha ya kuungua inapoanzia. Ikitokeza mno, daraja linaikamua na kimiminika kinafurika.

Kiasi cha kujaza usikipime kwa matone. Tone la PG ni dogo kuliko la maji, kwa hiyo hesabu ya "matone 20 ni mililita 1" inakupoteza. Tumia bomba la sindano la mililita 1 lenye sindano butu. Kwanza jaza maji katriji tupu, bila pamba, ujue inachukua kiasi gani, kisha ikaushe. Ukirudisha pamba, tia kimiminika theluthi mbili ya kipimo hicho, sindano ikiwa imezama ndani ya pamba na ukiirudisha juu polepole. Uso wa pamba ukianza kung'aa, acha.

Mlio wa majimaji hautaisha kama atomaiza tayari imefurika. Itoe kwenye betri, funika upande mmoja kwa tishu, puliza kutoka upande wa pili mpaka tishu isilowe tena. Futa na hesi za betri, kwa sababu kimiminika kikituama pale mguso unakuwa mbaya na unaweza kudhani atomaiza imekufa.

Kibano
Naongezea kuhusu hivyo vitu vya kuweka badala ya pamba, maana vinasifiwa bila kutajwa ubaya wake.

Sponji ya chujio la tangi la samaki hutoa kimiminika kwa urahisi kuliko polista, hilo ni kweli, kwa sababu vitundu vyake ni vikubwa. Lakini ni poliurethani, baadhi hutiwa dawa kiwandani, na ikichakaa inamomonyoka chembechembe zinazoishia kwenye daraja lenye joto. Mimi siishauri.

Kifuko cha chai cha kitambaa cha sintetiki kikikunjwa kinapitisha kimiminika vizuri. Shida ni kwamba vingi vinavyouzwa kama vya kuoza ni PLA, plastiki inayoanza kulegea karibu nyuzi 60 za Selsiasi, na mwili wa atomaiza ukivutwa mfululizo unafika huko bila shida. Vya karatasi ndiyo kabisa usijaribu, vinaziba.

Kinachobaki ni mrija, na huu una mantiki kwa sababu unashughulikia ile hewa aliyoitaja Fundi. Tafuta mrija mwembamba, ukate mfupi kuliko urefu wa ndani wa katriji kwa milimita 3, ncha zote mbili zikatwe mshazari zisije zikazibwa. Ulaze kando ya ukuta, pamba iuzunguke. Ncha ya upande wa atomaiza ndiyo ibaki nyuma kwa hizo milimita 3. Plastiki isikaribie daraja hata kidogo. Ukiona imebadilika umbo, itupe.

Na jambo moja la lazima: kisiingie mafuta ya aina yoyote, wala ladha za jikoni zenye mafuta. Mafuta yakivutwa huingia kwenye mapafu na yanaweza kuyadhuru. Wimbi la magonjwa ya mapafu la Marekani mwaka 2019 lilihusishwa sana na asetati ya vitamini E, ambayo ni mafuta, iliyotiwa kwenye katriji za bangi.

Mgeni_wa_510
Asanteni sana wakuu. Na nikiamua kwenda katomaiza ya kutoboa, tundu liwe kubwa kiasi gani na likae wapi?

Hesi_na_Omu
Kwa PG 70 tundu moja la milimita 1.5 linatosha. VG ikifika nusu au zaidi, weka mawili yanayotazamana au ongeza hadi milimita 2. Mahali ni milimita 4 hadi 5 juu ya hesi, lakini kwanza ivike tangi uhakikishe tundu litaangukia ndani ya tangi, juu kidogo ya mpira wa chini.

Usitumie drili ya umeme. Ganda la nje ni jembamba, na nyuma ya pamba kuna bomba la katikati lenye koili (waya unaopasha joto), ukilifikia, umeiua. Zungusha biti kwa vidole, ukiwa umeifunga utepe milimita 1 kutoka nchani ili isizame. Toboa katomaiza ikiwa kavu, tundu likitazama chini chenga zianguke nje. Kisha isuuze kwa maji, itikise, ikauke kabisa. Chenga za chuma hazitakiwi kubaki kwenye kitu unachovuta.

Pima kwa multimita kabla na baada. Ya omu 2 ibaki karibu na 2. Ikishuka kuelekea sifuri ni shoti, usiifunge kwenye betri. Kwa volti 3.7, omu 2 ni takribani wati 6.8, na omu 1.5 ni wati 9.1. Betri nyembamba za 510 zinaumia na hizo za omu 1.5, kaa kwenye 2 au zaidi.

Kabla ya kuivika tangi, loanisha pamba ya ndani kwa mililita 1, polepole, bila kutia kwenye bomba la katikati. Wengi wanaruka hapa, wanategemea tundu lijaze lenyewe, na mvuto wa kwanza unaunguza pamba. Ukikaa na ladha kavu wakati tangi limejaa, ni povu la hewa limekwama tunduni. Ligonge kwa ukucha. Tangi likibaki na hewa nyingi na likapata joto, hewa inatanuka na kusukuma kimiminika nje, kwa hiyo lijaze karibu lote na liwe wima.

Kingine, ile mbinu ya kuchoma kavu ili kusafisha, yaani kuiwasha bila kimiminika, ni ya atomaiza yako ya zamani yenye utambi wa silika tu, sekunde 2 hadi 3 kwa mara, bila kuvuta. Katomaiza ina polista, itayeyuka. Na ukijaza kimiminika vaa glavu. Nikotini hupenya ngozi, ikimwagika osha kwa sabuni hapohapo, na chupa ifungiwe mbali na watoto.